Wajumbe 25 wa halmashauri ya kijiji: tuwapunguze, au tuwape sababu ya kuja?

Kikao kilitangazwa kuanza saa nne asubuhi. Mpaka saa saba mchana, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji, wajumbe waliofika walikuwa tisa. Halmashauri ile ina wajumbe 25 na akidi ni nusu yao, kwa hiyo walitakiwa 13. Zilikuwa wiki za palizi ya ufuta, huku kusini mwa Tanzania, na kila aliyekosekana alikuwa shambani. Mtendaji wa kijiji akamtuma kijana wa bodaboda kwenye kitongoji cha mwisho. Akarudi na wawili. Mmoja alikuwa mama aliyeshuka na jembe lake mkononi, miguu imejaa udongo. Akasaini kwenye kaunta buku, akauliza ajenda ya siku, akaambiwa ni moja tu: ombi la mtu wa mjini anayetaka ekari 200. Akauliza tena kama mkutano mkuu, ule wa wanakijiji wote watu wazima, umeshapelekewa habari hiyo. Hakujibiwa.

Akidi haikutimia siku ile, tukatawanyika. Wiki mbili baadaye niliuona muhtasari wa kikao hicho hicho, tarehe ile ile, na waliohudhuria wameandikwa 14.

Nimewasimulia watu wawili kisa hiki na kila mmoja ametoka na jibu lake. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia dawa ni kupunguza wajumbe: watu 25 kwa kijiji kimoja ni umati, wachague watu tisa au kumi wanaofanya kazi, wengine waende shamba kwa amani. Mzee mwingine, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji, alishtuka kusikia hivyo. Kwake yeye, kama watu 25 wameshindwa kuilinda ardhi, kumi wataigawa mchana kweupe. Nimekuwa nikizipima hoja hizi mbili kwa muda sasa, na naona zote zina uzito kuliko zinavyopewa.

Tuanze na sheria ilivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ndani yake yumo mwenyekiti wa kijiji, wamo wenyeviti wa vitongoji vyote, na waliobaki wanachaguliwa na wanakijiji. Wanawake wasipungue robo. Namba 25 ina historia ndefu zaidi. Serikali za mitaa zilipovunjwa mwaka 1972, kijiji kilikuja kupewa sheria yake mwaka 1975, na halmashauri yake ilipangwa kuwa ya watu wasiozidi 25 wenye kamati tano chini yao. Ukigawa 25 kwa tano unapata watu watano kwa kila kamati. Kwa enzi ile ya mashamba ya pamoja na maduka ya ushirika, kazi za kuwagawia zilikuwepo. Leo kamati za kudumu ni tatu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kazi zimepungua, viti vimebaki pale pale. Hapo mwalimu wangu ana hoja.

Ana hoja nyingine pia, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtu akijua kuwa yuko mmoja kati ya 25, haoni kikao kitakwama kwa sababu yake. Atasema wenzangu 24 wapo. Na wenzake 24 wanasema hivyo hivyo. Kwenye kamati ya watu saba, mmoja asipofika kiti chake kinaonekana kitupu, na jioni ataulizwa kisimani au msikitini alikuwa wapi. Kwenye halmashauri kubwa mtu anaweza kumaliza miaka mitano bila kijiji kugundua kwamba hakuwahi kufungua mdomo.

Fedha nayo haikwepeki. Mjumbe wa halmashauri ya kijiji hana mshahara. Mtendaji analipwa na halmashauri ya wilaya. Mjumbe anapewa posho kijiji kikijaliwa kuwa nayo. Tuseme kijiji kimeamua kutoa shilingi 5,000 kwa kikao, kikao kimoja kila mwezi. Wajumbe 25 watatumia 1,500,000 kwa mwaka. Wajumbe 15 watatumia 900,000. Tofauti ni 600,000. Kwa kijiji ambacho mapato yake ni ushuru mdogo wa mazao na faini za mifugo, hiyo ni fedha inayoonekana kwenye ukarabati wa choo cha shule.

Wanaotaka idadi ipungue hupenda kutolea mfano mjini. Mtaa wenye maelfu ya wakazi unaendeshwa na mwenyekiti na kamati ya watu wasiofika kumi, na mambo yanakwenda. Kwa nini kijiji cha watu elfu mbili kihitaji 25? Mfano huo unavutia lakini haunishawishi, kwa sababu mtaa na kijiji si kitu kimoja mbele ya sheria. Kijiji kilichosajiliwa ni mtu kisheria: kinashtaki na kushtakiwa, kinamiliki mali, kinaingia mikataba, kina lakiri yake, yaani muhuri rasmi. Mtaa hauna hayo. Na juu ya yote, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi yote ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anavyotunza mali ya warithi. Kamati ya mtaa ikikosea, pengine taka zitachelewa kuzolewa. Halmashauri ya kijiji ikikosea, watoto ambao hawajazaliwa watakuta malisho ya babu zao yamezungushiwa uzio.

Hapo ndipo mzee wangu anaposimama. Kumshawishi mtu mmoja ni rahisi, kuwashawishi watatu kunawezekana, lakini kuwanyamazisha 25 ni gharama, na siri ya watu 25 haifiki jioni. Wingi ni uzio.

Nilikubaliana naye mpaka nilipokaa na kalamu. Halmashauri ya watu 25 ina akidi ya 13, na 13 wakipiga kura, saba wanashinda. Halmashauri ya watu 15 ina akidi ya nane, na watano wanashinda. Kwa hiyo siku ya mahudhurio mabaya, siku kama ile ya palizi, anayetafuta ekari 200 anahitaji watu saba kwenye halmashauri kubwa kabisa inayoruhusiwa na watano kwenye ile ndogo kabisa. Watu wawili. Ndio uzio wote tunaougombania. Na pale muhtasari unapoweza kuandikwa mezani bila kikao, hata hao saba hawahitajiki. Anahitajika mwenye kalamu na mwenye muhuri.

Ningeishia hapo, ningesema ukubwa hauna maana. Lakini kuna hesabu ya pili. Chukua kijiji chenye vitongoji vitano. Halmashauri ikiwa ya watu 15, mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji wanachukua viti sita, wanabaki tisa. Ikiwa ya watu 25, wanabaki 19. Wenyeviti wa vitongoji kwa sehemu kubwa ya nchi bado ni wanaume, kwa hiyo wanawake wanaingia kupitia viti hivyo vilivyobaki. Robo ya 15 ni wanawake wanne. Robo ya 25 ni saba. Wanne waliotawanyika kwenye kamati tatu, mmoja akiuguliwa na mwingine akijifungua, ni sawa na hakuna. Saba wanaweza kukaa pamoja upande mmoja wa mwembe na wakasikika. Yule mama wa jembe alikuwa mmoja wa hao, na katika wajumbe wote waliokuwepo ni yeye peke yake aliyeuliza swali ambalo sheria ilitaka liulizwe, maana halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Ukipunguza viti, watakaoondoka kwanza si wenyeviti wa vitongoji. Ni akina mama kama yule, na wafugaji wa pembezoni, na vijana.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa 25, ila si kwa sababu za mzee wangu. Wingi haulindi ardhi wenyewe kama wenyewe. Unalinda uwezekano wa kuwepo mtu mmoja wa kuuliza. Na uwezekano huo unakufa kama mtu huyo hafiki, au anafika amechelewa na hana nauli ya kurudi.

Hoja ya mwalimu kuhusu kazi kufanywa na wachache nayo ina mahali pake, na wapo waliokwisha kuionyesha. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo, wakaanza kuuza magogo yao kihalali kwa faida ya kijiji. Kazi za porini, doria na upimaji wa miti, zinafanywa na kamati ndogo ya maliasili. Halmashauri inapitisha na kuhoji, mkutano mkuu unapokea hesabu. Wachache wanatenda, wengi wanatazama. Tofauti kubwa na vijiji vingi ni kwamba pale kuna fedha ya kijiji yenyewe, na pakiwa na fedha ya kuhojiwa, watu huja kuhoji. Tumezoea kusema wajumbe ni wavivu. Wengi wao wameitwa miaka nenda rudi kujadili mapato ambayo hayapo, au kusaini yaliyokwisha amuliwa.

Kama ningeulizwa nini kibadilishwe kabla ya uchaguzi wa 2029, nisingegusa idadi. Ningegusa akidi: jambo lolote la kugawa ardhi lisijadiliwe bila theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 17 kati ya 25. Hapo kura za kushinda zinapanda kutoka saba hadi tisa, na inakuwa vigumu zaidi kufikisha akidi bila wanawake kukaa pale. Mambo ya kawaida, kama kupanga zamu za sungusungu au kukagua kisima, yamalizwe na kamati bila kuwatoa watu 25 shambani. Kwa njia hiyo vikao vizima vingepungua na posho ile ile ingetosha, ikilipwa kwa aliyekaa mpaka mwisho. Na majina ya waliohudhuria yasomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu, ule ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kabla hata ya kusoma mapato na matumizi. Kusoma majina hakugharimu chochote, na kijiji chote kinajua nani siku ile alikuwa kwa mkwewe.

Nitakubali lawama moja. Theluthi mbili inaweza kukwamisha mambo mema pia: kijana anayesubiri hati yake ya hakimiliki ya kimila naye atasubiri mpaka wajumbe 17 wapatikane, na masika hawapatikani kirahisi. Asubiri. Kuchelewa kwa hati yake kunaweza kurekebishwa kikao kijacho, wakati zile ekari 200 zikishatoka hazirudishwi na kikao.

Yule mama nilikutana naye tena gulioni. Nilimwambia jina lake limeandikwa kwenye muhtasari kuwa alihudhuria na kuridhia. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mkutano mkuu ni lini. Alikuwa anataka kujua kama ataruhusiwa kuja na ile kaunta buku.