Sofa Nyekundu ya Guangzhou

Kuna picha iliyopigwa mara nyingi mno katika hoteli ya White Swan, mjini Guangzhou, China: watoto wachanga wa Kichina wamekalishwa kwenye sofa nyekundu. Huyu analia, yule ameinama upande kama anadondoka. Waliowapiga picha walikuwa Wamarekani waliokwisha kuwaasili, wakingoja viza tu warudi nao kwao. Kwa wazazi hao ilikuwa siku ya furaha, na siwalaumu. Lakini kila nikiitazama nawaza kwamba hawa watoto wamepigwa picha maisha yao yote kabla hawajaweza kusema neno. Hata waliposafiri walikuwa tayari wametoka gazetini, katika tangazo la kuwatafuta waliowazaa, kapicha kadogo kama ka paspoti, na chini yake mahali walipookotwa.

Kuanzia sheria ya kuasili iliyoanza kutumika 1992 hadi China ilipofunga mlango mwaka 2024, zaidi ya watoto 160,000 walipelekwa nje, takribani nusu yao Marekani. Wengi ni wasichana. Sera ya China ya mtoto mmoja kwa kila familia ilikutana na hamu ya kupata mtoto wa kiume.

Sisi tuna msemo, kuzaa si kazi, kazi kulea. Nauamini. Ila unamsifu mlezi. Haumsaidii binti aliyelelewa na Wazungu, anayeitwa Mchina shuleni, kisha akikutana na Wachina anasemeshwa lugha asiyoijua. Akiuliza ametoka kwa nani, anaambiwa ashukuru. Kwani nani kasema hashukuru? Mtu anaweza kumpenda mama aliyemlea na bado akatamani kuuona uso wa aliyemzaa.

Ndiyo maana kazi ya Youqine Lefèvre imenigusa. Alizaliwa China, akakulia Ubelgiji, sasa ni mpiga picha. Amezichukua picha za safari ya 1994, familia za Kibelgiji zilipokwenda kuchukua watoto, yeye akiwa mmoja wao, akaziweka pamoja na alizopiga mwenyewe aliporudi China ukubwani. Aliyekuwa amebebwa sasa ndiye anayeshika kamera, naye ndiye anayechagua tuangalie nini.

Waliokalishwa kwenye ile sofa leo ni watu wazima. Natamani mmoja wao aichore upya picha ile, na safari hii aichore pia mikono iliyowakalisha pale, ile iliyoondoka haraka kabla kamera haijalia.