Rais wa Harvard: Nguvu Zake Ziko Wapi Hasa?

Kila mwaka, siku ya mahafali, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard hukalia kiti cha kale cha mbao chenye miguu mitatu, ambacho yeyote aliyekiona hawezi kukitamani kwa starehe yake. Vitufe viwili vya mbao vilivyo mbele yake viliongezwa na Edward Holyoke, rais wa chuo hicho kuanzia 1737 hadi alipofariki 1769. Inasimuliwa kwamba Holyoke, akiwa kitandani akingoja mauti, alisema kuwa mtu anayetaka kudhalilika na awe rais wa Harvard. Kauli hiyo inagusa mjadala ulioanza upya tangu Claudine Gay alipojiuzulu urais wa Harvard Januari 2, 2024, baada ya miezi sita tu madarakani: je, rais wa chuo kikuu binafsi anapaswa kuwa mtawala mwenye sauti ya mwisho, au mtumishi wa wanazuoni wenzake?

Msomaji aliyezoea vyuo ambavyo mtendaji wake ni makamu mkuu wa chuo anahitaji ufafanuzi mdogo. Kwa hati ya mwaka 1650, Harvard inamilikiwa na kuongozwa na baraza dogo liitwalo Korporesheni, ambalo rais ni mmoja wa wajumbe wake. Kwa miaka 360 lilikuwa na watu saba tu, hadi mwaka 2010 lilipoamua kupanuka na kufikia 13. Baraza hilo ndilo humchagua rais, kwa ridhaa ya Bodi ya Waangalizi ambayo huchaguliwa na wahitimu. Maprofesa hawana kura katika uteuzi huo.

Wanaotetea rais mwenye nguvu humtaja kwanza Charles William Eliot, na wana haki. Alipoteuliwa mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 35, mwanafunzi wa udaktari wa tiba aliweza kufuzu hata akiwa ameshindwa masomo manne kati ya tisa. Profesa mmoja wa tiba aliuliza kwa hasira kwa nini mambo yaliyokwenda vizuri miaka 80 yabadilishwe ghafla. Eliot alimjibu kwa upole kwamba sababu ni moja: kuna rais mpya. Alikaa miaka 40, akawapa wanafunzi uhuru wa kuchagua masomo, na chuo kidogo kikawa chuo kikuu kwa maana yake kamili. Ni vigumu kuamini kwamba maprofesa wale wale wangejirekebisha wenyewe kwa kupiga kura.

Lakini nguvu hizo hizo zilimfikia mrithi wake, A. Lawrence Lowell, ambaye mwaka 1922 alitaka idadi ya wanafunzi Wayahudi iwekewe kikomo, na pia aliwazuia wanafunzi weusi kuishi katika mabweni ya mwaka wa kwanza. Kamati ya maprofesa ilikataa kikomo hicho mwaka 1923, lakini baadaye vigezo vya udahili vilibadilishwa, na idadi ya Wayahudi ikapungua bila kikomo chochote kutangazwa. Rais mwingine wa baadaye, Nathan Pusey, naye aliwaita polisi alfajiri ya Aprili 10, 1969 kuwatoa wanafunzi waliokuwa wameteka jengo la utawala. Mgomo ulifuata, wahadhiri wengi wakamgeuka, na mwaka 1971 akaondoka. Mtu akiwatazama hawa wawili peke yao, ataona kwamba maprofesa ndio breki pekee ya gari hili.

Hoja hizo mbili, hata hivyo, zinachukulia kwamba mvutano ni kati ya rais na maprofesa wake, na hapo ndipo ninapoona kasoro. Machi 2005 maprofesa wa kitivo cha sanaa na sayansi walipiga kura ya kutokuwa na imani na rais wa wakati huo, Lawrence Summers, 218 dhidi ya 185. Kura hiyo haikuwa na uzito wowote wa kisheria, lakini mwaka uliofuata Summers alikuwa ameng'atuka. Kwa Gay mambo yalikwenda kinyume. Baada ya ushahidi wake mbele ya Bunge la Marekani Desemba 5, 2023 kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi vyuoni, uliozua lawama nyingi, wahadhiri zaidi ya 700 walitia saini barua ya kutaka abaki, na Korporesheni ikatangaza kwa kauli moja kwamba inamuunga mkono. Wiki tatu baadaye hakuwepo tena. Tuhuma za kutumia maandishi ya wengine bila kuwataja ipasavyo zilikuwa nzito kwa mtu wa taaluma, na sitazipuuza. Hata hivyo, msukumo ulitoka nje: kwa wanasiasa, na kwa wafadhili wa chuo ambacho mfuko wake wa wakfu unapita dola bilioni 50.

Mwaka 2025 Alan Garber, rais aliyemrithi Gay, alionyesha upande mwingine wa jambo hili. Aprili 14 alikataa hadharani masharti ya serikali ya Donald Trump kuhusu uendeshaji wa chuo, na saa chache baadaye ruzuku za zaidi ya dola bilioni 2 zikasitishwa. Chuo kilikwenda mahakamani. Kamati ya maprofesa isingeweza kujibu kwa haraka na kwa sauti moja namna ile. Wakati huo huo, Garber aliweza kusimama kwa sababu Korporesheni ilikuwa nyuma yake, na Gay aliondoka wakati baraza hilo hilo halikueleza kwa undani ni nini kilichobadilika ndani ya wiki tatu.

Kwa hiyo kabla ya kubishania rais apewe mamlaka zaidi au apunguziwe, ningependa wale wajumbe wengine 12 wa baraza hilo, ambao mikutano yao hufanyika faraghani, walazimike kutoa sababu kwa maandishi kila wanapomteua rais, wanapomtetea na wanapomwacha aende.