Ndege za plastiki za Talhan

Talhan ni kijiji karibu na Jalandhar, jimbo la Punjab, India. Gurdwara ya pale, yaani hekalu la Masingasinga, inajulikana kwa sadaka moja: ndege za kuchezea. Mwenye shida ya viza hununua ndege ya plastiki kwenye vibanda vya nje, akaingia nayo ndani na kuomba. Kijana niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja nilipokuwa nasoma Pune ndiye aliyenipeleka. Alimchukulia mdogo wake ndege nyeupe. Bawa moja lilikuwa limelegea, akalibana kwa gundi ya karatasi huku akinung'unika kwamba ndege mbovu haifiki Toronto.

Mdogo mtu alifika. Baba yao aliuza ekari mbili za shamba la ngano, na nyumba ikawekwa rehani benki.

Wahindi wanaosoma nje husemwa sana, na wanaowasema zaidi ni Wahindi wenzao: wamelewa Uzungu, wameitupa nchi. Si maneno mapya. Gandhi alipokwenda London kusomea sheria mwaka 1888, wazee wa tabaka lake walimtenga kwa kosa la kuvuka bahari. Mimi lawama hizo sizikubali, kwa sababu niliona mlango wenyewe ulivyo mwembamba. Mwaka 2024 waliofanya mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya India walikuwa zaidi ya milioni 2.3, wakigombea nafasi zipatazo 110,000, na karibu nusu ya hizo ziko vyuo binafsi ambavyo ada zake mkulima hazigusi. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, watu waliuliza maelfu ya wanafunzi wa Kihindi walifuata nini kule. Walifuata udaktari ambao mzazi wa kawaida angeweza kuulipia. Basi.

Kichekesho ni kwamba mimi nilivuka bahari kwenda kusoma India, na jioni wenzangu darasani walikuwa wanakimbilia masomo ya ziada ya IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na vyuo vya nje, ili waondoke. Punjab ndiyo usiseme, mabango ya vituo hivyo yako kila kona. Kuna hadi ndoa zinazofungwa kwa alama za Kiingereza: binti amefaulu, ukoo wa bwana harusi unalipa ada, kisha kijana anamfuata mkewe kwa viza ya mwenza.

Tusidanganyane, wengi hawafuati shahada tu. Wanafuata kibali cha kazi, na baadaye ukaazi. Nchi zinazowapokea zinalijua hilo fika, tena ndilo zililokuwa zikiliuza. Vyuo vya Ontario, jimbo la Kanada lenye Toronto, vilijiendesha miaka mingi kwa ada za wageni, ambazo ni mara kadhaa ya anazolipa mwenyeji. Nyumba zilipokuwa adimu na kodi kupanda, lawama zikamwangukia mwanafunzi. Mwezi Januari 2024 Kanada ikaweka kikomo cha vibali vya masomo, na fedha ambazo mwombaji lazima aonyeshe za kujikimu zikapanda kutoka dola za Kanada 10,000 hadi 20,635. Muda si mrefu vyuo vile vile vikaanza kufunga kozi na kupunguza wafanyakazi. Mgeni ulimwalika mwenyewe, umekula zawadi yake, halafu unamwuliza amekuja kufanya nini?

Mawakala wa safari hizi za masomo siwasemi sana, nitachafua ukurasa.

Mdogo mtu sasa hupanga masanduku ghalani usiku na mchana husinzia darasani. Kaka yake alibaki India. Alijaribu mara mbili kuingia IIT, vyuo vya juu vya teknolojia vya serikali ya India, kwa mtihani wa zaidi ya watu milioni moja kwa nafasi zisizofika 20,000, akakwama. Mwaka 2023 IIT Madras ilipofungua kampasi Zanzibar, nilimpigia simu kumpa habari. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bhai," yaani kaka, akasema, "miaka yote ile unakula wali chumbani kwangu, hukuniambia mlango wa uani uko kwenu?"