Riwaya Inaweza Kusubiri

Nadine Gordimer, mwandishi wa riwaya wa Afrika Kusini, aliandika pia insha za fasihi na siasa kwa zaidi ya miaka 50. Telling Times, kitabu kilichozikusanya 2010, kinaanzia 1954 hadi 2008. Nimekisoma kidogo kidogo kwenye meli ya Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na swali lilikuwa lilelile kila safari: mwenye kipaji cha hadithi ana haja gani ya kusema siasa kwa jina lake?

Wanaosema hana haja wana hoja nzito, na shahidi wao ni Gordimer mwenyewe. Katika hotuba yake ya Nobel, 1991, alisema hakuna maelezo ya mambo halisi atakayoyaandika yatakayofikia ukweli wa hadithi zake. Kweli, baadhi ya insha zake leo zinasomeka kama maazimio ya mkutano. Nasi tunaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Vijiji vya ujamaa alivihoji ndani ya riwaya, Gamba la Nyoka, 1979. Riwaya hiyo bado tunaisoma. Magazeti ya mwaka ule yalishafungiwa vitumbua zamani.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa insha. Burger's Daughter, riwaya ya Gordimer, ilipopigwa marufuku Afrika Kusini 1979, haikuweza kujitetea yenyewe. Mwaka uliofuata Gordimer na wenzake walitoa kijitabu kilichoanika sababu za wadhibiti wa vitabu, kila mtu ajisomee.

Halafu nakumbuka Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 220. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Wiki ile, kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, niliwaona wachuuzi wa dagaa wamelizunguka gazeti moja juu ya gunia. Mmoja anasoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye ile 101 kidole kikasimama, akairudia, na hakuna aliyesema kitu.

Riwaya ya msiba ule ikija hata baada ya miaka 20, nitaipokea kwa mikono miwili. Ila wale pale kwenye gunia walihitaji, siku ileile, mtu anayejua kupanga sentensi aulize, kwa jina lake, nani alikuwa akihesabu abiria gatini.