Kumbe Nauzia Karatasi Ndani ya Kisima

Jamani, mimi nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mvua zikianza, karatasi zinalegea kama chapati za jana. Mashine ya kopi inazitafuna, haimezi wala haitemi. Mteja ana cheti mkononi, boda anamsubiri nje, mimi nimeinama nachomoa vipande kwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Nikasema potelea mbali, nanunua kiyoyozi.

Fundi akaja, kijana mpole, begi mgongoni. Nikajua anatoa drili. Wapi! Katoa vipimajoto viwili, kimoja kakivisha kitambaa kilicholowa, akaanza kuvizungusha hewani utadhani anafukuza nyuki. Mama wa mihogo ng'ambo ya barabara akaacha kukaanga. Mpaka leo ananiamkia kwa adabu ya ajabu, anadhani nimezindika duka.

Kikavu kikasoma 30, chenye kitambaa 25 na nusu. Akakunjua chati, mistari imepishana kama wavu wa dagaa, akafuata mmoja kwa kidole. "Unyevu asilimia 70, mzee." Halafu akasita. Chati imechorwa kwa usawa wa bahari.

"Kwani hapa si ufukweni?" Maana ziwa naliona.

"Ufukwe wa ziwa, mzee. Lenyewe liko zaidi ya mita 760 juu ya bahari. Hewa yetu nyepesi."

Akafuta, akaanza upya. Na huyo namlipa kwa siku.

Akapima duka: mita 5 kwa 4, dari mita 3. Akabonyeza kikokotoo, akapigia mstari: hewa iliyomo humu imebeba maji lita moja na robo hivi.

Lita moja! Bomba letu siku ya 4 halijatoa hata tone, nahangaika na madumu, kumbe maji nayavuta puani bure!

Akanipa na historia. Willis Carrier, Mmarekani, mwaka 1902 alibuni mtambo wa kiyoyozi kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn, sababu unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Fomula za hizi hesabu za unyevu akazitoa 1911. Hapo nikamheshimu. Shida yangu ina zaidi ya miaka 100, na mimi nilishaanza kumtazama vibaya jirani mwenye steshenari ya pili.

Sasa kiyoyozi kimefungwa, karatasi zimenyooka. Mpira wa kutolea maji nimeutumbukiza kwenye ndoo nyuma ya duka. Jioni mama wa mihogo anapita, anainama sikioni kwangu: "Baba, ile dawa yako leo imetoa ngapi?"