Watu mashuhuri wanapotusimulia ugonjwa wao

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Hakuficha. Alisema ni saratani iliyowahiwa mapema, akawahimiza wanaume wakapime. Baba yangu mdogo, kule Morogoro, alikuwa akisikiliza redio huku anapiga pasi kanzu ya Ijumaa. Aliisimamisha pasi akasogeza sikio. Miaka mitatu alikuwa akiamka mara nne, tano usiku kwenda haja ndogo na kutuambia ni uzee. Wiki iliyofuata akaenda hospitali. Tezi ilikuwa imetanuka, si saratani, akaanzishiwa dawa. Mama mdogo alikuwa amembembeleza miaka yote hiyo bila mafanikio.

Wapo wanaosema maradhi ni siri ya mgonjwa na nyumba yake, na hoja yao naiheshimu. Kusitiriwa ni haki. Kiongozi akitamka kuwa anaumwa, wapinzani huanza kumhesabia siku, na watoto wake husoma mitandaoni maneno yasiyofaa kusomwa na mtoto. Hata ukweli wenyewe huweza kukataliwa: mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alipowaambia Waganda kwamba ana UKIMWI, wengi walidhani anatafuta kiki. Alitumia miezi yake ya mwisho kuzunguka mashuleni na makanisani akieleza, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Asilazimishwe mtu kusema. Ila mimi anayesema namshukuru, kwa sababu nimeona redio ikifanya kazi iliyotushinda sisi tuliokula na baba mdogo sahani moja.

Kinachonisumbua ni namna ya kusema. Jirani yetu mmoja alikuwa na uvimbe kwenye titi na kadi ya kliniki. Akasikia ushuhuda wa mtu maarufu aliyesimulia jinsi alivyoombewa akapona, bila neno hata moja juu ya madaktari. Vidonge vyake vilibaki kwenye mfuko wa nailoni, vikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alipozidiwa alikuwa akijilaumu kwamba imani yake ni haba. Hilo la kujilaumu ndilo lililoniuma kuliko yote.

Imani haihitaji kufichiwa dawa. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika na saratani ya tezi dume mwaka 1997, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Alitibiwa na madaktari, akaendelea kusali, akaendelea na kazi ya kuwasikiliza wazazi walioeleza watoto wao walivyouawa. Aliishi hadi Desemba 2021. Alipozungumza juu ya amani na kusamehe, alizungumza mtu aliyekuwa na maumivu yake mwenyewe mwilini.

Halafu kuna suala la pesa, ambalo masimulizi mengi hulikwepa. Julai 2019 Kenya ilipoteza watu watatu waliouawa na saratani: Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Okoth alikuwa ametibiwa Paris, na alisema waziwazi kwamba saratani yake ya utumbo mpana iko hatua ya nne na haina tiba. Hakumpa mtu matumaini ya uongo. Vifo hivyo viliwafanya Wakenya wapaze sauti saratani itangazwe janga la taifa, na mwananchi wa kawaida akauliza: je, sisi tusio na nauli ya ndege?

Baba mdogo aliuliza hivyohivyo, kwa lugha yake. Tulikuwa tumekaa barazani, dawa zake zimo mfuko wa shati. Akasema, "Mheshimiwa katuambia tukapime, nimepima. Sasa wangekuta ile yenyewe, mwanangu, Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, ningefika kwa basi gani, na ningelala kwa nani?"