Biriani ya Mama Mkwe na Kidonge cha Saa Tano

Nilikuwa na umri wa miaka 34 ilipobainika kwamba kusahau kwangu funguo, miadi na, mara moja tu, mtoto wa shemeji pale kivukoni Likoni, hakukuwa uzembe bali maradhi ya upungufu wa umakini. Daktari aliniandikia methilifenideti ya kidonge kinachoyeyuka taratibu, akaniusia nikimeze asubuhi mapema baada ya kula nikashiba, kwa sababu huondoa hamu ya chakula na nguvu zake huweza kudumu muda wa saa 8 hadi 12. Kahawa nayo niipunguze, maana vyote viwili huuchapuza moyo. Niliitikia kila neno, ingawa kumwagiza msahaulifu akumbuke dawa ya usahaulifu ni jambo ambalo mpaka leo naona halikufikiriwa vizuri.

Ijumaa ile nilikikumbuka kidonge saa tano, tumbo likiwa tupu, nikakisindikiza kwa vikombe viwili vya kahawa tungu. Baada ya swala nilikuwa nimeketi mkekani Kibokoni, kwa mama mkwe, mbele ya sinia la biriani ya kuku. Moyo ulikwenda mbio kama tuktuk isiyo na breki, mate yalikuwa yamekauka, na kila tonge lilizunguka kinywani kama mchanga wa Bamburi. Umakini, kwa bahati mbaya, ulikuwa umekuja wote. Niligundua kwamba ukili mmoja wa mkeka ule ulishonwa kinyume, nikamweleza mama mkwe, ambaye ndiye aliyeushona.

“Mbona huli, mwanangu? Chumvi imezidi?”

“Hapana, mama. Biriani ni tamu sana.”

Alipoinuka kwenda kuleta maji ya ukwaju, nililitia paja la kuku mfukoni mwa kanzu. Aliporudi na kuiona sahani imepungua, alifurahi, akaniongezea jingine, nalo likafuata njia ya mwenzake alipogeuka kumwita mke wangu. Nisichokifikiria ni masala. Doa la manjano lilianza nyongani, likateremka taratibu kuelekea gotini, na paka watatu wa mtaa wakaingia bila hodi na kukaa safu moja mbele yangu, wakinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na binadamu.

“Mwanangu,” akasema mama mkwe, “hebu simama.”

Leandro Panizzon, mkemia aliyeiunda dawa hii Uswisi mwaka 1944, alimwenzi mkewe Rita kwayo, ndipo likapatikana jina la Ritalin. Mimi ilikaribia kuniachisha wangu. Alimweleza mamake habari za kidonge kwa sauti ya chini, kisha akanirudisha nyumbani bila kunisemesha, kanzu ikaingia beseni.

Saa tatu usiku dawa ikaisha nguvu, na njaa ya siku nzima ikaja kwa pamoja. Jikoni hakukuwa na kitu. “Chakula kiko kwa mama,” akasema mke wangu, akageukia ukutani. Nikatembea hadi Kibokoni, nikapiga hodi, na dirisha la ghorofani likafunguka.

“Ni wewe,” akauliza mama mkwe, “au ni paka?”

Nikajibu kwamba ni mimi. Nyuma yangu mmoja wao akalia.